Bila Kuuza Ng'ombe, Bila Kujuana na Mtu

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha sita na wazazi wao, Mwanza. Nimeiandika kutokana na karatasi nilizokuwa nazo mkononi, pamoja na yale niliyoyaongeza nilipokuwa nimesimama.

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mliokaa huku mbele, nawasalimu kwa Kisukuma: mwadila!

Nashukuru kwa kunikumbuka. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na miwili, na tangu nistaafu sijasimama mbele ya darasa kubwa kama hili. Barua yenu ya mwaliko ilikuwa na swali moja tu. Aliyeliandika yupo humu ukumbini, sitamtaja. Aliuliza hivi: "Mwalimu, ni nchi gani ambayo watu wake wanaishi vizuri kuliko wote, na sisi Tanzania tuko wapi?"

Nimekaa na swali hilo wiki mbili. Najua linatoka wapi. Wengi wenu mmeshaanza kuwaza kuondoka. Wapo wenye kaka zao Uarabuni, wapo wenye dada zao wanaosoma China, na kila jioni simu zinawaletea picha za barabara zilizonyooka na treni zinazofika kwa dakika. Ni swali la haki, na anayeuliza swali la haki asipewe mahubiri ya uzalendo. Nitalijibu kama ninavyomjibu mtu mzima, kwa sababu kuanzia mwezi ujao ninyi ni watu wazima.

Tuanzie mwaloni, soko la samaki la Kirumba, ambako wengine mmepita asubuhi hii mkija.

Sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa akapandwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameshaenea ziwa zima, na furu wengi, wale samaki wadogo wa asili tuliowala utotoni, wakawa wameliwa na yeye. Vikaja viwanda vya minofu. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, vikabaki kwetu, vikakaangwa na kuuzwa mitaani. Siku hizi kuna na bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa sangara. Linakaushwa, linakwenda China, na kilo moja ya bondo bei yake inaiacha mbali kilo ya mnofu wenyewe.

Sasa mtu wa takwimu anapopima pato la taifa, anahesabu thamani ya minofu, anahesabu bondo, anahesabu mshahara wa aliyekata na faida ya aliyesafirisha. Ni kazi ngumu na wanaifanya kwa uangalifu. Namba inapanda. Lakini katika namba hiyo hakuna mahali pa kuandika nani alikula mnofu na nani alikula panki. Wala hakuna mahali pa kuandika kwamba furu wametoweka. Na yule mama aliyeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto na kuwapikia uji watoto wake, kazi yake haimo kabisa. Angeukoroga uji ule ule akauuza kibandani, ungehesabiwa. Akiwapa watoto wake mwenyewe, hauhesabiwi.

Haya si maneno yangu ya kulalamika tu. Aliyeongoza kazi ya kuunda hesabu za pato la taifa kule Marekani, Simon Kuznets, alipopeleka taarifa yake kwenye Seneti mwaka 1934 alionya humo humo kwamba ni vigumu mno kuujua ustawi wa taifa kwa kutazama pato lake. Dunia ikachukua namba zake, onyo ikaliacha kwenye kurasa.

Vukeni daraja la Kigongo na Busisi mwende Geita. Dhahabu inayochimbwa pale inahesabiwa yote katika pato linalozalishwa ndani ya Tanzania, pamoja na faida inayokwenda kwa wenye hisa walio nje. Ndiyo maana wachumi wana namba ya pili, inayotoa kile kinachokwenda kwa wageni na kuongeza kile kinachoingia kwa wenyeji kutoka nje. Msidhani hili ni tatizo la Waafrika peke yao. Ireland ilitangaza kwamba mwaka 2015 uchumi wake ulikua kwa asilimia 26. Nchi ya Ulaya, asilimia 26, mwaka mmoja! Kumbe makampuni makubwa ya kigeni yalikuwa yamehamishia huko umiliki wa mali zao, nyingi zikiwa mali za kwenye karatasi kama hataza, yaani haki za uvumbuzi. Mwalimu wa Dublin mshahara wake haukupanda hata robo ya hapo. Ofisi yao ya takwimu ikalazimika kutengeneza kipimo kingine cha kuwaonyesha Waireland hali yao halisi.

Kuna jambo la pili linalowachanganya vijana wanaolinganisha mishahara. Mtu ananiambia, "Mwalimu, rafiki yangu yuko Dubai anapata milioni mbili kwa mwezi." Namuuliza, chumba analipa ngapi? Analala na wangapi humo? Akila, anakula kwa bei ya wapi? Hajui. Milioni mbili hizo amezibadilisha kichwani kuwa bei za Buhongwa, hapa hapa Mwanza.

Mchukueni kinyozi wa Nyakato na kinyozi wa Oslo. Kazi yao ni moja: kichwa kimoja, mashine, robo saa. Yule wa Oslo analipwa mara nyingi zaidi, wala mkono wake si mwepesi kuliko wa huyu wetu. Anaishi katikati ya watu ambao kazi zao zina tija kubwa sana, na asipolipwa vizuri ataweka mashine chini aende akafanye hizo. Kwa hiyo ukichukua shilingi ukazibadilisha kuwa dola kwa bei ya benki, unamfanya kinyozi wetu aonekane kama hafanyi kitu. Wataalamu wa takwimu duniani waliliona hili, na tangu mwaka 1968 kuna mradi wa kimataifa wa kukusanya bei za vitu vya aina moja katika nchi mbalimbali, ili kujua fedha ya nchi inanunua nini nyumbani kwake. Kwa hesabu hiyo pato la Mtanzania linaonekana kubwa kama mara tatu ya lile la kubadilisha dola benki. Hiyo ndiyo namba ya haki zaidi ukitaka kulinganisha chakula na kodi ya nyumba.

Lakini sikilizeni vizuri: kuna vitu havina bei ya Nyakato. Dawa ya saratani haina. Mashine ya kusafisha damu ya mgonjwa wa figo haina, simu haina, petroli haina. Hivyo tunanunua kwa bei ya dunia kwa mfuko wa hapa, na siku mgonjwa anapopatikana nyumbani ndipo umaskini unapojionyesha sura yake. Nitarudi hapo.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imeingia katika uchumi wa kipato cha kati, daraja la chini. Wastani wa pato la Mtanzania kwa mwaka 2019 ulikuwa dola 1,080, na mpaka wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Nilifurahi, nasema kweli. Nilizaliwa kabla ya Uhuru, na kwa mtu wa umri wangu kuvuka mpaka ule si kitu cha kupuuza. Lakini kama mwalimu nilifanya kutoa: 1,080 toa 1,036 ni dola 44. Jirani yangu aliyekuwa akianika dagaa siku hiyo aliendelea kuanika dagaa.

Namba hizi zinaweza pia kuruka bila mtu yeyote kula zaidi. Mwaka 2014 Nigeria ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake ili kuhesabu shughuli mpya kama simu na filamu, na pato lake likaongezeka kwa asilimia 89, likaipita Afrika Kusini. Kenya ikafanya hivyo mwaka huo huo, likapanda kama asilimia 25. Nasi tumefanya. Ni sahihi kufanya, kwa sababu kilichokuwepo kilikuwa hakihesabiwi. Ila ina maana kwamba unapomwona mtu anabishana kwa jazba kuwa nchi yake imeipita ya jirani kwa asilimia kadhaa, mwambie apunguze sauti. Kwa wastani pato la Mkenya ni kubwa kuliko la Mtanzania. Mvuvi wa Homa Bay na mvuvi wa Musoma wanatupa nyavu katika maji yale yale, na ukiwatazama wakirudi alfajiri huwezi kujua yupi ni wa nchi yenye pato kubwa.

Halafu kuna wastani wenyewe. Simameni Capri Point, mtazame ng'ambo ya ghuba, Igogo, nyumba zilivyopanda juu ya mawe. Mnajua kuhesabu wastani tangu darasa la tano. Hesabuni wastani wa mlima ule na nyumba za huku, mtapata nyumba ambayo haipo Mwanza nzima. Afrika Kusini wastani wa pato lao ni kama mara tano ya letu. Umri ambao mtoto anayezaliwa huko anatarajiwa kuishi haupishani sana na wa mtoto anayezaliwa hapa, kwenye sitini na kitu. UKIMWI uliwapiga vibaya, na nchi yao ni miongoni mwa zenye pengo kubwa kabisa duniani kati ya aliye nacho na asiye nacho. Fedha zipo, ila zimekaa sehemu moja.

Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, ulianza kutoa kipimo kingine, fahirisi ya maendeleo ya watu. Aliyekiongoza ni mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, na rafiki yake wa tangu wakiwa wanafunzi Cambridge, Mhindi Amartya Sen, akamsaidia. Wanaangalia vitu vitatu: watu wanaishi miaka mingapi, wanasoma miaka mingapi, na wana kipato gani cha kuishi kwa staha. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka kwa furaha peke yangu katika ofisi ya walimu. Maana sisi vitu hivyo vitatu tuliviimba shuleni! Maradhi, ujinga na umaskini. Maadui watatu aliotuwekea Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, mkoa jirani hapo. Miaka karibu thelathini kabla ya kipimo kile kuzaliwa, mtoto wa shule ya msingi Kwimba alikuwa anaweza kukutajia sehemu zake zote. Na mwaka 1974, Musoma, chama tawala, TANU, kikaazimia kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, nchi ikiwa maskini kuliko ilivyo leo.

Kwa kipimo hicho dunia inaanza kuonekana tofauti. Costa Rica ni nchi ndogo ya Amerika ya Kati, iliyofuta jeshi lake mwaka 1948. Kabla ya UVIKO, Mmarekani kwa wastani alikuwa na pato zaidi ya mara nne ya mtu wa Costa Rica. Anayeishi zaidi alikuwa nani? Wa Costa Rica: karibu miaka 80, na Mmarekani chini kidogo ya 79. Hiyo ndiyo hesabu iliyonifanya niache kuulizana na watu nchi ipi ni tajiri.

Sasa naomba niwaambie ya nyumbani kwetu.

Mwaka 1996 mdogo wangu, tumbo moja, alishikwa na uchungu wa uzazi kijijini Kwimba. Mtoto alikaa vibaya. Usiku kucha alihangaika pale nyumbani. Asubuhi ikapatikana pikapu, nayo haikuondoka mpaka mafuta yalipwe. Kwa maandishi, huduma ya uzazi haikuwa na malipo. Lakini gari lilitaka fedha, na hospitalini, ambayo sitaitaja, tukaandikiwa nyuzi, glovu, maji ya dripu, tukanunue nje. Kitanda kilipatikana kwa sababu mjomba wetu alikuwa anafahamiana na mtu pale. Kulikuwa na mama mwingine kwenye benchi, ametoka mbali kuliko sisi, hana anayemjua. Mpaka leo sijui aliishia wapi.

Baba alipeleka ng'ombe wawili mnadani. Ninyi watoto wa wafugaji mnajua: mnunuzi akishajua kwamba una mgonjwa, bei anapanga yeye. Ng'ombe wawili walikwenda kwa bei ya mmoja. Mdogo wangu alipona. Mtoto hatukumpata. Na wale ng'ombe wawili walikuwa ada ya mdogo wetu wa kiume aliyekuwa amefaulu kwenda sekondari. Hakwenda. Leo ana miaka zaidi ya arobaini, mtu mwenye akili kuliko mimi, na maisha yake yote yaligeuka kwa sababu ya usiku mmoja na pikapu moja.

Basi kutoka siku ile mizani yangu ikawa hii, na ndiyo jibu langu kwa aliyeniandikia. Nikitaka kujua watu wa nchi fulani wanaishi vizuri kiasi gani, nauliza: mtu wa kawaida, asiyejuana na mtu yeyote, anapata nini bila kuuza ng'ombe? Akiugua, akizaa, mtoto akifika umri wa shule, akizeeka, kazi ikiisha. Weka nchi kwenye maswali hayo, utaiona.

Weka Uingereza. Huduma yao ya afya ya taifa, ambayo mgonjwa hatoi fedha mlangoni, ilianza tarehe 5 Julai 1948. Vita vilikuwa vimewaacha na madeni makubwa, na nyama waliendelea kuipata kwa mgao wa kadi mpaka mwaka 1954. Watu wanaopanga foleni ya nyama walikubaliana kwamba daktari asiwe wa mwenye fedha. Weka Japani: mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru, walifikia hatua ya kila mtu kuwa na bima ya afya, na leo ni miongoni mwa watu wanaoishi miaka mingi kuliko wote, 84 hivi. Weka Thailand. Mwaka 2002 walipomfikishia huduma kila mwananchi kwa malipo ya baht 30 tu kwa kila ziara, wastani wa pato lao ulikuwa kama dola 2,000, fedha ambazo sisi hatujazifikia ila hatuko mbali nazo kama tulivyo mbali na Wajapani. Wote hawa hawakungoja watajirike kwanza.

Ninayempenda zaidi ni Mfini. Mnasikia kila mwaka kwamba Finland inaongoza kwa furaha duniani, na wengi wanadhani ni kwa sababu ni matajiri. Mwaka 1938 Finland ilikuwa nchi ya wakulima, maskini kwa viwango vya Ulaya, na watoto wachanga walikuwa wakifa kwa wingi. Wakaanza kuwapa akina mama wenye kipato kidogo sanduku. Ndani kuna nguo za mtoto, blanketi, nepi, na sanduku lenyewe linaweza kuwa kitanda cha kwanza cha mtoto. Mwaka 1949 wakasema kila mama apewe, tajiri na maskini, sharti ni moja: uhudhurie kliniki mapema katika ujauzito. Fikirini akili iliyomo. Sanduku linamleta mama kliniki, kliniki inaona tatizo kabla halijawa la usiku na pikapu. Na kwa kuwa mke wa waziri naye analo, hakuna anayeona aibu kulipokea. Leo Finland, katika watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wanaokufa kabla ya kufikisha miaka mitano ni kama 2.

Nasi? Nisikilizeni hapa, kwa sababu nyumbani kwetu huwa tunajisimulia ama sifa tupu ama laana tupu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikuwa wanakufa kabla ya miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 43. Vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015 na 2016. Mwaka 2022, vilikuwa 104. Hakuna picha ya ghorofa yoyote mtakayoniletea itakayonigusa kama namba hizo. Chandarua, chanjo, zahanati, vituo vya afya vya kufanyia upasuaji, wakunga waliosomeshwa. Humu ukumbini wamo waliokaa kwenye viti kwa sababu namba ile ilishuka, nao hawajijui.

Na mojawapo ya mambo hayo lilijaribiwa kwanza huku kwetu Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga. Mpango wa m-mama. Mama akipata tatizo la uzazi, zahanati au familia inapiga 115 bure. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, anatafutwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, anampeleka, na malipo yake anatumiwa kwenye simu. Hakuna anayemuuliza mgonjwa fedha ya mafuta. Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilikaa chini. Ile ndiyo pikapu yetu ya 1996, na safari hii imekuja bila ng'ombe. Ongezeni na daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Kabla yake, mgonjwa wa Sengerema aliyepewa rufaa kuja hospitali ya Bugando alifika ukingoni akasubiri kivuko kama sisi wengine. Kilomita tatu za maji, naye anahesabu pumzi. Sasa ni dakika chache tu za gari.

Tulikobaki nyuma napo tupaseme. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa Bungeni mwaka 2023, lakini sheria ni ahadi, na familia nyingi bado zinauza kitu mgonjwa anapoandikiwa kipimo kikubwa. Ada ya sekondari iliondolewa kuanzia mwaka 2016, jambo ambalo lingemwokoa mdogo wangu. Ila mwalimu mmoja na wanafunzi tisini katika chumba kimoja, nimesimama hapo, najua mtoto wa nyuma anabaki na nini. Na maji! Tumekaa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, maji tunayatazama dirishani, na mama wa mlimani anapanda na dumu kichwani kwa ngazi za mawe, au ananunua kwa bei inayozidi ya yule wa bondeni mwenye bomba ndani. Maskini analipa maji ghali kuliko tajiri. Hili linaniuma kila siku ninapolitazama, na ningependa mhandisi mmoja atoke katika darasa hili aende akalimalize.

Mtaniuliza kuhusu furaha. Tangu mwaka 2012 kuna ripoti ya dunia ya furaha. Watu wanaambiwa wafikirie ngazi, chini kabisa sifuri, juu kabisa kumi: kwa maisha yako ya sasa unaona umesimama kidato cha ngapi? Mwaka 2019 Tanzania ilikuwa ya 153 kati ya nchi 156. Watu wengi walikasirika, wakasema wazungu hawatujui, sisi tunacheka, tunacheza ngoma, tuna undugu. Nadhani walikasirikia kitu kisichokuwepo. Watu wetu hawakuulizwa kama wanacheka. Waliulizwa wamesimama wapi kwenye ngazi, nao wakajibu kweli. Mtu anaweza kucheka harusini na bado akajua kwamba yupo kidato cha tatu cha ngazi ile. Na kauli ya "maskini lakini wana furaha" mimi siipendi, hata anapoisema mtu kwa mapenzi. Mama wa kwenye benchi lile hakuwa na furaha. Undugu wetu ni mali kubwa, naukubali, ndio uliotubeba pale serikali na soko vilipotuacha. Lakini mjomba aliyetupatia kitanda ni undugu huo huo, na ndio uliomwacha yule mama pale benchini.

Wanaotaka kuondoka, ondokeni kwa amani. Kusoma nje si usaliti, na wanaotuma fedha nyumbani wamejenga nyumba nyingi tunazoziona Buswelu. Ninachowaomba ni kwamba mkifika mtazame kwa macho ya mizani hii. Kuna nchi zenye minara mirefu ambamo anayeijenga akivunjika mguu anarudishwa kwao na tiketi ya ndege tu. Kuna nchi za watu wa kawaida, magari madogo, nyumba ndogo, ambamo mzee aliyekuwa dereva wa basi anazeeka bila kumwomba mtu. Jina la nchi halitakuambia ni ipi.

Na wewe uliyeniandikia barua, nimekuona umeinamisha kichwa, usiiname. Ukifika huko utakakokwenda, mtafute anayefagia bweni lenu. Mwamkie, mzoeane. Kisha muulize mtoto wake akiugua usiku anampeleka wapi, analipa nini, na asipokwenda kazini siku tatu anaikuta kazi yake au anakuta mtu mwingine. Niandikie majibu yake kama atakavyokwambia. Mimi nitapanda Igogo kwa mama anayeniuzia vitumbua asubuhi, nimuulize maswali hayo hayo, nami nitakuandikia.